Tungule ya Kumi

Kabla sijafika kwenye tungule, lazima nianze na usingizi wangu, maana yote yalitoka huko.

Mimi ni Nyange, mpishi mstaafu wa dakhalia, bweni la skuli. Nimewapikia wanafunzi wali kwa sufuria kubwa hata kijana mmoja aliyeingia ndani kuisugua Jumamosi tulimtoa Jumatatu, keshaota ndevu. Atakayebisha aende akaitafute sufuria yenyewe. Kazi ile ilinifunza kuchochea moto na kulala mchana. Moto nimeuacha. Usingizi ninao bado, na pahala pake ni barza ya nyumba yangu, chini ya dirisha la chumba cha mbele. Nikishaswali Adhuhuri nikajinyoosha pale, hata mbuzi wa jirani hupita kwa kunyata.

Sasa mwaka huu mwanangu Asya kaja kwetu kujifungua. Alikaa kwenye ndoa muda mrefu bila ya mtoto, mpaka watu wakawa wanamtazama tumbo kabla ya kumtazama uso. Mimba zikaja zikatoka. Hii ya mwisho ikakaa, akazaliwa mtoto wa kiume, tukamwita Jaribu. Mumewe yuko Unguja kazini, kwa hivyo mke wangu, Bi Mwanawema, akachukua uongozi wa chumba cha mbele kama mtu aliyeapishwa. Asya akalazwa kwenye kitanda cha kamba, na uvunguni likawekwa jiko la mkaa, usiku na mchana, maana mzazi kwetu hukaa na moto mpaka arobaini yake itimie: mifupa ikaze, tumbo lirudi, baridi isipate njia. Uji wa pilipili manga asubuhi, supu ya kuku jioni. Mimi ruhusa yangu ilikuwa kuchungulia mlangoni na kusema "Mashaallah", basi.

Hapo palikuwa hapana tatizo. Tatizo liliteremka garini kutoka Tumbe, limebeba kapu la samaki wakavu. Bi Ummkulthum, mama mkwe wa Asya. Mwanamke mwema, simsengenyi, lakini sauti yake! Nadhani kwao huwaita wavuvi warudi pwani kwa mdomo tu. Alivuta kiti akakaa dirishani, juu ya kichwa changu hasa, akaanza kuamkiana na barabara nzima.

"Wee mwenye baskeli! Samaki hao wa leo au wa juzi?"

"Wa leo, Bi!"

"Mbona wanakutazama hivyo?"

Na kucheka. Akimaliza huyu anakuja mwengine. Nikahamia upande wa pili wa barza, sauti ikanifuata. Nikajifunika shuka, ikapenya. Siku mbili tatu hivi nilikuwa natembea kama kuku aliyenyeshewa.

Ndipo nikainuka, nikasimama chini ya dirisha, nikautia uso wangu huzuni.

"Bi Ummkulthum, dirisha hilo mnaliacha wazi hivyo, na huu msimu wa Kipindapinda?"

"Kipindapinda ndo nini?"

Mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Ndiyo kwanza lilinitoka mdomoni. Lakini neno likishatoka hulipi nafasi ya kupoa.

"Upepo, Bi. Mwembamba kama uzi. Huingia kwenye madirisha ya vyumba vya wazazi, ukamkuta mtoto mchanga ukampinda sauti. Kulikuwa na mtoto kule kaskazini, sijui hamkusikia? Sasa hivi kijana mkubwa, anaadhini msikitini kwa sauti ya bata. Watu wanaswali, lakini wanajikaza."

Bi Ummkulthum akashika masikio. Nilijua ataondoka dirishani, na hicho tu ndicho nilichokitaka. Nilichokuwa sikijui ni kwamba nyuma yake alikuwa amesimama Bi Mwanawema, anasikiliza. Mke wangu katika ndoa yetu yote hajapata kuniamini jambo. Nikimwambia jua limechomoza hutoka nje kulitazama. Lakini kwa mjukuu huyu angeamini hata kalenda ya mwaka juzi. Jioni ile nikasikia nyundo. Dirisha likapigwa misumari, nyufa zikazibwa kwa matambara ya khanga, na chini ya mlango pakalazwa gunia. Asubuhi Bi Ummkulthum akarudi Tumbe kwa gari ya kwanza, mtandio kauzungusha kichwa kizima yamebaki macho tu.

Nikalala. Nililala kama gunia la chumvi.

Asya naye akaanza kusema kichwa kinamuuma. Mara moyo unamchafuka. Mara kalala na hataki kuamka. Bi Mwanawema akasema ni jicho: watu wameona mtoto kapatikana, wamehusudu. Akaongeza udi, akaongeza mkaa, akaniambia nami nisimsifu mtoto mbele za watu. Mimi nitaacha kusifu? Jaribu alikuwa mtoto mpole ajabu, halii. Nikiwa barzani nawaambia wenzangu: "Mjukuu wangu ana adabu. Akiona njaa hukohoa kidogo, akangoja ajibiwe." Wakacheka, nami nikacheka nao. Mnasikia? Nilicheka.

Sasa njooni skuli.

Binti wa jirani yangu, Mwalimu Rahila, anafundisha kemia. Alikuwa na kisanduku kimoja cha vidude vya plastiki vya kujengea molekyuli, nusu vimeshapotea, na darasa zima likivitazama kwa mbali. Akanijia.

"Mzee Nyange, nataka kila mwanafunzi ajenge kwa mkono wake. Nifanyeje?"

"Tumia vyakula," nikamwambia. "Vyakula hakuna anayevitazama kwa mbali."

Nikamtolea tende, nikazitoa kokwa. Nikampa zabibu kavu, nikamchumia tungule za bustanini kwangu, nyanya zile ndogo za duara, nikamkatia chelewa za ufagio vipande vifupi vya kuunganishia. Siku ya somo nikaenda mwenyewe na sinia zangu. Mpishi haachi vyakula vyake peke yake mbele ya wanafunzi. Mimi nawajua.

"Tende ni kaboni," Mwalimu Rahila akawaambia. "Ina mikono minne. Zabibu ni haidrojeni, ina mkono mmoja. Tungule ni oksijeni, mikono miwili. Asibaki mtu na mkono mtupu."

Nilikaa meza moja na Mgeni, msichana mwembamba mwenye ulimi kama wembe. Bibi yake nilisoma naye chuo cha Kurani, na ulimi ni ule ule.

"Babu, usizile," akaniambia kabla sijafanya kitu.

"Nimekula?"

"Nakukumbusha tu."

Kwanza tukajenga gesi ya mtungi, hii ya kupikia. Tende tatu kwa mstari, zabibu nane zimezizunguka, likatoka dude kama tandu aliyepungukiwa miguu. Halafu tukajenga hewa: tungule mbili mbili, zimeshikana kwa vijiti viwili. Jozi tano. Tungule kumi.

"Tayari?" Mwalimu Rahila akauliza. "Sasa washeni."

"Kwa kibiriti?" nikauliza mimi.

"Kwa vidole, Mzee. Moto ndio huu: waliokuwa pamoja wanaachana, halafu wanashikana upya na wengine. Joto linatoka hapo. Haya, vunjeni vyote!"

Wasichana wakavunja. Sinia ikajaa vijiti, tende huku, tungule kule. Mwalimu Rahila akatembea baina ya meza.

"Mkijenga upya, hesabu ya mwanzo ndiyo ya mwisho. Hakuna tende itakayozaliwa wala tungule itakayokufa. Moto haupotezi kitu."

Hapo nikashindwa kunyamaza.

"Mwalimu, mie nimechoma kuni za kulijaza bonde hili. Jioni nikizoa majivu hayajazi pakacha. Zilikwenda wapi kama hazikupotea?"

"Zilipanda, Mzee. Zilishikana na hewa zikaondoka nayo. Ungeweza kuikamata hewa yote ile ukaipima, ungezikuta humo."

"Hewa ina uzito?"

"Ingekuwa haina," akasema Mgeni, "upepo ungekupeperushaje kofia?"

Darasa likacheka. Mie huwa nachekwa kwa ruhusa yangu mwenyewe, si hivi. Nikasema moyoni, haya, hakipotei kitu, tutaona. Mgeni alipogeuka kuchukua kijiti nikaichukua tungule moja siniani, nikaitia mdomoni, nikaimeza nzima nzima kama dawa. Uso wangu mtulivu. Mpishi wa dakhalia anayejua kuonja bila ya kuonekana si mmoja, lakini mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wao.

Meza nyengine zikamaliza. Zimepata kila moja mafungu matatu ya tende moja na tungule mbili, hiyo ndiyo kabonidayoksaidi, na mafungu manne ya tungule moja na zabibu mbili, ndiyo maji. Kumbe moto unazaa maji! Hilo peke yake lilinitia wivu kwa kuwa sikulitunga mimi.

Meza yetu Mgeni anahesabu kwa kidole.

"Maji manne, sawa. Tende hii mbili, tende hii mbili. Hii..." Akatazama chini ya meza. Akatazama chini ya sinia. "Mwalimu, tende yetu ya mwisho imepata tungule moja tu. Imepotea moja."

Nikakunja mikono. "Si mmesema hakipotei kitu?"

Mgeni akanitazama. Akasogea. Akanitazama tena, karibu zaidi.

"Haijapotea, Mwalimu. Imehama. Babu ana mbegu ndevuni."

Kelele zilizotoka mle zilimfanya mwalimu wa darasa la jirani aje kuchungulia. Nilijifuta ndevu, mbegu ile kweli ipo, sijui ilitokaje na mie nilimeza nzima. Nikajua sasa natolewa nje kama kuku. Lakini Mwalimu Rahila aliliokota lile fungu kilema, tende moja na tungule moja, akaliinua juu kila mtu alione.

"Mzee Nyange," akasema, "umenifundishia somo la wiki ijayo. Nyamazeni. Meza zile zote zimechoma kwenye hewa ya kutosha. Meza hii hewa imeipungukia. Tazameni moto ulivyofanya: haukuzimika. Umejenga na kilichokuwapo, na mwisho ukatoa hiki. Tende moja, tungule moja. Kaboni monoksaidi. Hiki kinaua."

"Kinaua vipi?" nikauliza, bado nacheka cheka.

"Ukikivuta kinaingia kwenye damu, kinakaa kwenye kiti cha hewa nzuri, na hakiondoki upesi. Hewa nzuri ikija inakuta kiti kina mtu. Hasa kwenye mkaa, Mzee, mkaa ni tende tupu. Mtu akiweka jiko chumbani, akafunga mlango na dirisha..."

"Si ataona moshi?"

"Hakina moshi. Hakina harufu wala rangi. Watu huona mkaa umeshika vizuri, mwekundu, wakasema huu salama. Halafu kichwa kinawauma. Moyo unachafuka. Wanapata usingizi mzito. Na mtoto mdogo ndiye wa kuogopewa zaidi, kwa sababu yeye hasemi kichwa kinamuuma. Anatulia tu. Anakuwa mpole."

Sikungoja amalize. Nilitoka mle darasani nikaipanda baskeli ya kwanza niliyoiona, ya nani sikujua mpaka jioni yake nilipoirudisha, na kofia yangu ikabaki juu ya meza baina ya zabibu. Nimepita njia nzima kichwa wazi. Walioniona wakadhani kuna msiba. Wengine walianza kunifuata.

Nyumbani Bi Mwanawema amekaa mlangoni mwa chumba cha mbele, kipepeo cha ukindu mkononi, anapalia mkaa mpya.

"Toa jiko, Mama Asya!"

"Kofia yako iko wapi?"

"Toa jiko! Moto umekosa hewa, tende zinabaki na tungule moja moja!"

Akanitazama toka juu mpaka chini. "Umekula nini huko skuli?"

"Tungule! Lakini si hilo—"

Nikampita. Chumba kile, wallahi, kilikuwa kama ndani ya chungu. Nikalivuta jiko uvunguni kwa ncha ya kanzu, nikalikimbiza mpaka uani, ngozi ya vidole viwili nimeiacha humo. Nikarudi.

"Baba," akasema Asya, macho hayafunguki sawasawa. "Kichwa, baba."

Jaribu kalala ubavuni mwake. Nilikuwa nimepiga kelele za kuamsha mtaa, na mtoto hakushtuka. Nikamgusa mguu. Akaukunja kidogo, polepole, kama mtu aliyeombwa jambo asilolitaka.

"Watoke nje," nikasema. "Na dirisha lifunguliwe."

Bi Mwanawema akasimama mlangoni, mikono kaipanua. "Mzazi hatoki upeponi. Na dirisha halifunguliwi. Si wewe uliyesema?"

"Ule ulikuwa uongo."

"Uongo lini? Pale ulipousema, au sasa?"

"Mama Asya, hebu nisikilize. Ule mkaa unatoa kitu hakionekani, hakinuki, kinaingia kwenye damu kinakaa kwenye kiti—"

"Kinakaa kwenye kiti."

"Ndiyo."

"Hakionekani, lakini kinakaa kwenye kiti." Akatikisa kichwa. "Baba Asya, nimekaa na wewe umri wangu wote. Sijapata kukuamini ila mara moja. Sasa hata hiyo moja unataka kuninyang'anya?"

Nikaona ukweli umenishinda, mikono yangu haijauzoea. Nikarudi kwenye kazi ninayoijua.

"Basi Kipindapinda keshapita. Kaelekea Mombasa. Redio imetangaza."

"Redio yetu haina betri tokea Idi."

"Ya jirani."

"Ukienda kuswali Alasiri," akasema mke wangu kwa upole ule wake unaotisha, "jiko linarudi pahala pake. Usiposwali, linarudi mbele ya macho yako."

Na angelirudisha. Ningeweza kulivunja, angeazima jengine. Ningeweza kuling'oa dirisha, angetundika godoro. Nilisimama pale na ndevu zangu za mbegu, mwanangu analala usingizi usio wake, na mimi kila neno ninalolitoa linaonekana senti bandia.

"Hodi!"

Alikuwa Mwalimu Rahila, kofia yangu mkononi. Nyuma yake Mgeni na wenzake, na sinia.

"Shikamoo, Bi Mwanawema. Mzee kaondoka kichwa wazi," akasema, "nikajua hakuondoka kwa mzaha." Akachungulia chumbani, akamwona Asya, akaliona dirisha. Uso ukambadilika. "Bi, kwa hisani yako, tuwatoe hawa ukumbini."

"Mwanangu, karibu. Lakini kama katuma huyu, sinia yenu rudini nayo."

Nikadhani Mwalimu Rahila atahutubia. Hakuhutubia. Alimtazama Mgeni tu, na Mgeni akajiketisha mkekani hapo hapo mlangoni, karibu na magoti ya mke wangu.

"Bibi, tusaidie kutunga. Mikono yetu mizito."

Sasa hapa nimwambie asiyemjua Bi Mwanawema: harusi hazifungwi huku kwetu kabla yeye hajatunga vikuba vya asumini. Ukimpa kitu kidogo na kijiti, mikono inakwenda yenyewe, hata akiwa anagomba.

"Mnatunga nini?"

"Tende hizi ndizo mkaa wako, Bibi. Kila mkaa unataka tungule mbili. Tungule ndizo hewa iliyomo chumbani." Akamwekea kibakuli.

Bi Mwanawema akaanza. Tende, tungule, tungule. Nyengine. Tende, tungule, tungule. Safi, zimekaa sawa kuliko za darasani. Huku ananisema mimi, huku anatunga. Mara tungule zikaanza kupungua. Tende inayofuata ikapata moja. Na nyengine, moja. Akatia mkono kibakulini, akapapasa.

"Leteni tungule."

"Hakuna, Bibi," akasema Mgeni. "Dirisha lina misumari."

Mkono wa mke wangu ukabaki kibakulini.

"Si bado mkaa upo huu," akasema. "Zimebaki tende."

"Ndiyo, na unaendelea kuwaka. Unatoa hizo zenye moja moja."

"Na hizi zinakwenda wapi?"

Mwalimu Rahila akamweleza, kama alivyotueleza sisi: damu, kiti, kichwa, moyo, usingizi. Alipofika kwenye mtoto kuwa mpole, mke wangu akanitazama. Neno lile nilikuwa nimelitembeza barza zote.

Akaliangalia lile fungu la tende moja na tungule moja, kaliweka kiganjani.

"Hata mie kichwa huniuma humu," akasema taratibu. "Nikitoka kwenda kufua kinaniachia. Nikawa nasema, hasidi gani huyu, jicho lake linampiga mzazi likampiga na bibi." Akanigeukia. "Baba Asya. Hapa mbele ya watoto wa watu. Kipindapinda yupo au hayupo?"

Sikilizeni. Ilikuwa hadithi yangu nzuri kupita zote za mwaka huu. Ilikuwa imeshafika Mkoani, mchukuzi mmoja wa bandarini alinisimulia mimi mwenyewe, na jina la kijana wa bata kampa. Kuiua kwa mkono wangu, mbele ya wasichana wa kemia!

"Hayupo," nikasema.

"Na yule anayeadhini?"

"Hayupo."

"Ulitaka nini?"

"Nilitaka kulala."

Bi Mwanawema aliinuka akaichukua nyundo. Mwalimu Rahila akanivuta mkono nisogee, nami nilikuwa nimeshasogea. Lakini alinipita, akaenda dirishani, akaanza kung'oa misumari, mmoja baada ya mmoja, na kila mmoja ukitoka analitaja jina langu na jina la baba yangu. Mimi na wasichana tukambeba Asya na mtoto mpaka barzani, pale pale pangu pa kulalia. Jirani akaleta gari, tukaenda hospitali.

Wakawawekea hewa ya mtungi, ya kufunika pua. Nilikaa pembeni nalitazama lile bomba. Halionyeshi kitu, lakini mimi nikawa naziona zinapita: tungule mbili mbili, mbili mbili, zinamwingia Jaribu. Daktari akasema tumewahi. Akauliza nani aliyegundua. Mke wangu akafikiri sana.

"Tungule," akasema.

Usiku ule Jaribu akalia. Alilia kama anadaiwa maelezo ya siku zote zile. Hakuwa na adabu hata chembe. Asya akawa anacheka na machozi yanamtoka, na muuguzi akatwambia tumtoe nje, anawaamsha wagonjwa.

Sasa arobaini inaendelea, kwa kanuni mpya za Bi Mwanawema mwenyewe. Jiko liko uani. Anapasha mawe, anayafunga kwenye khanga, anampelekea Asya kitandani, joto lipo na mkaa haupo. Dirisha liko wazi mchana kutwa. Na kwa vile liko wazi, na habari zimefika Tumbe, Bi Ummkulthum amerudi. Kiti chake kiko pale pale, juu ya kichwa changu.

"Wee mwenye baskeli! Leo hao wanakutazama vizuri!"

Mtoto analia, mama mkwe anaamkiana, na nyuma yao namsikia mke wangu anawapa wageni habari. Kila siku inarefuka. Jana mkaa ulikuwa wa jiko moja, leo ni majiko manne. Tungule zimekuwa makapu. Mimi simo kabisa, labda pale penye baskeli ya wizi.

"Basi nikaingia chumbani," anasema, "nikanusa. Nikasema, hapana, hii harufu siyo. Hii ni ile yenye tungule moja!"

Wageni wakasema "Yarabi!" Nikavumilia. Nikajigeuza upande. Mwisho nikainuka, nikapiga kelele dirishani:

"Haina harufu!"

Nikamsikia Bi Mwanawema anawaambia wageni wake:

"Msimsikilize huyo. Mwongo."